Mchango wa Maiti Asiyekufa

Habibo hakuwahi kuona watu wakarimu kama wanaume wa Garissa mtu akishakufa. Siku ile mvuvi Yarrow alipokamatwa na mamba akifunga mtumbwi, jua halijatua mbuzi walikuwa wamefika, sukari imefika, unga umefika, na shali ya mchango, ule wanaouita qaraan, imezungushwa msikitini na kurudi imejaa. Habibo alikuwa uani akikoroga masufuria ya matanga, na kila mzigo ulioingia ulimpandisha hasira badala ya kumfariji. Miezi mizima alikuwa amewaomba watu hawa hawa, na hakupewa hata kigingi.

Alichoomba kilikuwa kidogo. Diko, pale mitumbwi inapofungwa kwenye mto Tana, lilikuwa ukingo wa matope tu. Alio, mumewe, alishusha samaki hapo, naye kila akishuka husimama majini hadi magotini. Habibo alitaka jukwaa la magogo ya mkoma, mtu ashuke kwa mguu mkavu, na kando yake ua wa nguzo na miiba ndani ya maji, mamba asipite. Halikuwa tena jambo la wavuvi peke yao. Vita vya shifta, wale waasi wa msituni, vilikuwa vimepamba moto, wafugaji wamekusanywa katika vijiji kando ya mji, na askari wamekataza watu kuteka maji kwingine kokote mtoni. Basi diko la wavuvi wachache likawa kisima cha mji mzima. Kila asubuhi wasichana walijipanga pale na mitungi, na kati yao alikuwemo Lul, binti yake wa pekee. Habibo hakuwa na raha mpaka amwone amerudi.

Yeye mwenyewe alikulia nyuma ya ngamia, upande wa Modogashe, na hadi anavunja ungo hakuwa amemwona samaki. Ukame ulipomaliza mifugo ya baba yake alikuja mjini, akaolewa na Alio, mtu wa mtoni, mpole, asiyejua ugomvi. Ndugu zake walicheka hadi wakachoka. Kwao samaki ni chakula cha mtu asiye na mnyama hata mmoja, na harufu yake ni aibu. Habibo akajifunza kupara magamba na kukaanga kambare, akawauzia askari na makarani waliotoka bara, akazoea kuitwa mke wa mla samaki. Jina lenyewe halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kila alipoomba jambo, alijibiwa kwa jina hilo.

Alianzia ofisi ya serikali.

"Bwana, ile mahali iko mbaya," alimwambia karani. "Mamba nakula watu. Nyinyi saidia sisi, tutengeneze."

"Mama, fedha za madiko ni za pwani," karani akajibu bila kuinua kichwa. "Garissa haina bahari."

"Na mamba, iko kwa bahari?"

Karani akamwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, ikapita, na nyingine nyuma yake. Askari nao walisema jukwaa litawasaidia shifta kuvuka, ingawa shifta, kama Alio alivyonong'ona nyumbani, walikuwa wakivuka siku zote bila jukwaa la mtu. Mwisho wakakubali, mradi magogo yakatwe mchana, mbele ya macho yao. Ikabaki gharama ya wakataji, ya ngamia wa kuburuta magogo, ya kamba na misumari.

Hapo akaenda kwa Adeer Rage, yaani ami Rage, ndugu wa baba yake, mfanyabiashara wa mifugo. Rage ndiye aliyezungusha shali ya mchango kila msiba ulipotokea. Akitoa yeye, mji mzima hutoa.

"Habibo, samaki si chakula ya watu," alisema. "Mimi nitoe mbuzi yangu kwa sababu ya samaki?"

"Adeer, nani ametaja samaki? Nasema watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata Hinda wako anateka maji pale." Hinda alikuwa mjukuu wa Rage, kipenzi chake.

"Mungu atamlinda."

"Mungu amekupa mbuzi ili umlinde nao!"

Rage akaagiza chai, mazungumzo yakaishia hapo.

Na sasa mabaki ya Yarrow yamezikwa, na Rage huyo huyo amesimama mbele ya waombolezaji akisema kwamba damu ni moja na Mwislamu hamwachi nduguye. Habibo aliutupa mwiko ndani ya sufuria. Alimlilia Yarrow, lakini machozi mengine yalikuwa ya hasira tupu.

Asubuhi baada ya matanga kwisha alifungua sanduku lake, akatoa sanda aliyojiwekea mwenyewe kwa siku yake, akaenda kuitandaza mbele ya duka la Rage, wanaume wanaponywea chai. Akaketi kando yake.

Wa kwanza akaja mbio, mkono umeshaingia mfukoni. "Inna lillahi! Nani amekufa?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajafa. Mamba hajachagua. Nimeona nikusanye mchango mapema, msije mkasumbuka."

Watu wakajaa. Rage akatoka dukani, kilemba kimeenda upande.

"Ondoa hicho kitu! Unatuitia kifo!"

"Kifo hakingoji kuitwa, Adeer. Wewe huiachi sanda ipite hivi hivi, mji wote unajua. Basi nisaidie kutangaza. Nitaje nani? Lul wangu, au Hinda wako?"

Mtu akasema astaghfirullah. Jina la mtoto mzima wa afya kutajwa juu ya sanda! Habibo mwenyewe aliogopa, maana la Lul lilikuwa limemtoka kwanza. Lakini hakuinuka.

Rage akatupa pesa kwenye sanda, si kwa kupenda, bali ili binti wa nduguye afunge mdomo. Alipotoa yeye, wote wakatoa, wengine wakigeuza nyuso. Habibo akaikunja sanda yake na pesa ndani, akaondoka bila kumshukuru hata mmoja.

Jukwaa likasimama kabla ya mvua, na ua wa miiba ukachomekwa majini kando yake. Mamba akaja, akazunguka, akaenda zake. Miezi ikapita bila msiba mtoni, na manung'uniko yakaanza kwenye chai. Mwisho Rage akashuka dikoni na wenzake, akamkuta Habibo akipara samaki.

"Watu wanauliza," alisema. "Sisi tulichangia maiti. Hiyo maiti iko wapi? Kama haiko, basi pesa yetu ilikuwa ya samaki, na wewe umetudanganya."

Habibo akatazama mbinguni. Ya Rabbi, mpe mja wako subira. Kisha akanyoosha kisu kuelekea ukingoni, ambako wasichana wawili walikuwa wakipanda na mitungi, wakicheka, nguo zao kavu.

"Maiti yenu yule, wa mbele," alisema. "Mwiteni mumuulize mbona amechelewa."

Rage akamtazama Hinda akipanda mpaka akampita na kumwamkia. Kisha, kwa sauti ndogo, wenzake wasisikie, akauliza miiba ya ua, ikioza, hubadilishwa lini.