Tondezi ya Mzee Walid

Mume wangu Rénovat ana ugonjwa mmoja ambao daktari hajaupatia jina: hawezi kusema hapana mbele ya mtu anayemheshimu. Mengine nimeyazoea. Anakoroma, anapoteza funguo, kila mbwa anamwita kwa jina la mbwa wake wa kwao Runingu aliyekufa kabla hatujaoana. Sawa. Lakini huu ugonjwa wa ndiyo-ndiyo ndio uliotaka kutulaza barabarani, na Keza binti yetu akiwa na mimba ya miezi minane.

Nianze na nyumba, nisiwachanganye. Tunakaa katika boyeri, kale kanyumba ka watumishi kalicho nyuma ya nyumba ya Mzee Walid, hapa Uvira, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa kando ya Mulongwe. Mto ulipofurika uliibeba pamoja na sufuria, milango na mbuzi wawili, tukabaki na nguo za mwilini. Rénovat alikuwa amemfanyia Mzee Walid kazi ya bustani miaka thelathini na mmoja. Mzee alikuwa ameshafariki, lakini binti yake Yasmine, anayeishi Bujumbura, alisikia habari zetu akasema tuingie boyeri, tulinde nyumba, tutunze bustani. Tuliingia siku hiyo hiyo. Mungu ambariki kwa hilo, hata leo sitalifuta.

Bustani maana yake ni majani. Mzee Walid, mfanyabiashara wa ukoo wa wafanyabiashara, wale Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara ya ziwa, hakutaka maua wala mpapai. Alitaka majani ya paspalimu tupu, mafupi, sawasawa kama mkeka. Na hakutaka ikatwe na kitu kingine ila tondezi yake, mashine ya chuma ya kusukuma kwa mikono, aliyoinunua kwa Wabelgiji waliokuwa wakifunga mizigo yao. Haina mota. Ina visu vitano vilivyojikunja kuzunguka roli, ile silinda ya katikati, na chini yake kisu kimoja kimelala kimya. Unasukuma, magurudumu yanaizungusha roli, majani yanaruka. Kila Ijumaa mzee akirudi msikitini alikaa barazani na chai yake, akimtazama Rénovat anakwenda na kurudi, anaacha mistari miwili ya kijani, mmoja mweupe kidogo, mmoja mweusi kidogo. Walikuwa hawasemezani. Wote wawili walikuwa wamefurahi.

Mzee alipozikwa, Rénovat aliisukuma tondezi mpaka depo, chumba cha vifaa, akaifunika magunia, hakuigusa tena. Majani akawa anayafyeka kwa kupekupe, ule upanga uliopinda ncha, na kupekupe inaacha bustani kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Sasa Yasmine akipiga simu kila mwezi kuuliza, bustani ya baba iko aje, mume wangu anajibu: iko vile vile, Mama, na tondezi inatembea. Nilikuwa namsikia, nasaga meno. Ulimi hauna mfupa.

Jumamosi moja simu ikalia. Yasmine alisema amepata wapangaji, watu wa mradi fulani, na wapangaji wanakuja na walinzi wao na wafanyakazi wao. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Lakini hapohapo akasema atakuja mwenyewe Jumapili ya wiki inayofuata, na kama bustani iko kama siku za baba, na mistari yake, atawaambia wapangaji kwamba nyumba ile haitoki bila Papa Rénovat. Tutabaki boyeri. Rénovat akajibu, ndiyo Mama, utaikuta vile vile. Akazima simu, akakaa kwenye ngazi, mikono juu ya kichwa. Nilimwambia maneno mengi. Sitayarudia hapa, nami ni Mkristo.

Keza alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, amesikia yote. Bwana wake alikwenda kuchimba dhahabu huko kusini, mwezi wa tano huu hatujasikia sauti yake. Keza alikwenda akachukua zile nguo ndogo za mtoto alizokuwa ameanza kukusanya, akazikunja upya, moja moja, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Jumapili baada ya misa tukatoa magunia. Mama yangu! Kutu ilikuwa imekula kila mahali, rangi yake ya kijani imebaki kwenye kona mbili tu, mpini wa mti umeliwa na mchwa, na roli haizunguki hata ukiipanda kwa miguu. Rénovat aliimwagia petroli, akaiacha ilale. Jumatatu alifungua skrubu moja moja, akipangilia juu ya gunia. Alikuta goroli za ndani zimesagika zote. Zile huzipati dukani, lakini zinalingana na goroli za baiskeli za zamani, na fundi wa baiskeli anayezihifadhi ni shemeji yake Octave, kule Runingu. Jumanne asubuhi akaondoka kwa miguu, akaniambia atarudi kesho.

Sasa hapa ndipo aibu yangu.

Baba yangu alikuwa mnoaji wa panga. Kijiji kizima, msimu wa kulima ukikaribia, walipanga mstari kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa kulia. Nikikunolea panga, utanyolea ndevu. Basi nikavitazama vile visu vya tondezi vilivyolazwa kwenye gunia. Vilikuwa butu, ukingo wake mnene, umekatwa bapa kama ukingo wa meza. Nikacheka peke yangu. Nikasema, ndiyo maana Wabelgiji waliiacha, haijui hata kunolewa. Nikachukua tupa ya baba, nikakaa chini.

Nilivipiga tupa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikala muhogo mmoja, nikaendelea mpaka jua linashuka. Keza aliniambia, Mama, si ungojee Papa arudi? Nikamjibu kwamba siku hazitungojei sisi. Ngozi ya kidole ilitoka, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Visu vitano vyote, na kile cha chini pia, nilivitoa ukingo mwembamba, mkali, unang'aa. Nilimaliza nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu ile simu. Nilijiona nimetuokoa.

Rénovat alirudi Jumatano na goroli zake ndani ya kopo la nyanya. Nikasimama kando ya gunia nikijishika kiuno, nangoja sifa. Akainama. Akapitisha kidole kwenye kisu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akatia roli mahali pake, akaizungusha polepole juu ya kisu cha chini, jicho limekaribia kabisa. Kisha akakaa kitako mchangani.

«Generose,» akasema, taratibu. «Hii si panga. Hii ni mukasi.»

Akanionyesha. Kisu cha tondezi hakipigi majani. Kinayasukuma yagusane na kile cha chini, vinayabana katikati, yanakatika. Ndiyo maana ukingo unatakiwa bapa, na viwili vigusane tangu mwanzo hadi mwisho, kama mikono miwili ya mkasi. Vyangu sasa viligusana hapa, vikaachana pale. Mahali pengine ungepitisha kijiti cha kiberiti kati yao. Nilikuwa nimekula chuma ambacho hakirudi.

Angenigombeza, ningepata pa kushika. Ningemjibu, tungezozana, ingepita. Lakini yeye alisema kosa ni lake, hakuniambia, na akanishika kile kidole kilichofungwa kitambaa. Nililia mbele ya mtoto wangu bila haya. Maji yalikuwa yamezidi unga, na aliyeyamwaga ni mimi.

Basi tukaanza tena, tukiwa nyuma kuliko tulipoanzia. Rénovat alirudisha ukingo bapa kwa jiwe, akipima kwa jicho, na kila alipopiga jiwe visu vilizidi kupungua. Aliniambia, vikipungua kidogo zaidi havitafika chini, na hapo kwisha. Kisha akanituma mchanga. Nilishuka mpaka ziwani, nikachota ule laini kabisa ambao maji yanaupanga ukingoni, nikaukausha, nikauchekecha kwa kitenge changu kizuri cha kwendea misa kwa sababu kingine kilikuwa na matundu. Tukauchanganya na mawese mpaka ukawa kama uji mzito. Mawese yale ndiyo yaliyobaki kwenye chupa. Siku zile tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, Keza akaila bila kulalamika, na hilo lilinichoma kuliko angelalamika.

Rénovat alifunga mkono wa pedali ya baiskeli kwenye ekseli ya tondezi. Unapaka ule uji kwenye visu, unazungusha roli kinyumenyume, mchanga unavisaga visu na kile cha chini mpaka vizoeane. Ndivyo mzee alivyomfundisha. Unazungusha, unapaka, unakaza skrubu kidogo sana, unazungusha. Alhamisi nzima. Ijumaa nzima. Mkono wake ukichoka nashika mimi, wangu ukichoka anashika yeye. Bega langu liliwaka moto. Nilikuwa nasali rozari kwa mizunguko, kila mizunguko kumi Salamu Maria moja, na mwisho nikasahau hesabu, nikabaki nasema tu, Mama, usitutoe, Mama, usitutoe.

Kipimo ni karatasi. Alirarua ukurasa wa kalenda ya parokia ya mwaka jana, akaulisha kati ya visu. Pembeni unakatika, katikati unajikunja. Ijumaa jioni katikati bado. Rénovat aliingia ndani bila kula. Nilimsikia akimwambia Keza kwa Kirundi, lugha ya kwao, ajitayarishe, labda aende kwa shangazi yake kujifungulia huko. Sijawahi kumsikia mume wangu akiongea na sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha ondoka.

Jumamosi asubuhi akazungusha tena. Jua likiwa utosini akachukua ukurasa wa mwezi wa nane, akaulisha. Ukakatika, kacha, safi, pembeni, katikati, pembeni. Akazungusha kisu cha pili. Cha tatu. Vyote vitano. Vipande vya kalenda vikawa vinaanguka kwenye miguu yake, na yeye anaendelea kukata, mwezi wa tisa, wa kumi, kana kwamba haamini. Nilimnyang'anya ile kalenda mwenyewe.

Tulikuwa tumeshafyeka na kufagia. Akafunga mpini mpya, akaanza kusukuma. Ile sauti, tek-tek-tek-tek, miaka saba sikuisikia. Alikata mpaka jua lilipozama nyuma ya milima ya Mulenge, na alipomaliza mistari ilikuwa pale, mweupe kidogo, mweusi kidogo, imenyooka. Keza alivua viatu akatembea juu yake na tumbo lake, anacheka.

Yasmine alifika Jumapili baada ya adhuhuri na dereva wake, Clovis. Yasmine nilimjua tangu akiwa na sketi za shule. Sasa ni mama wa watoto watatu, amebeba uso wa baba yake. Alisimama kwenye geti, hakusalimu. Akavua viatu naye, akaenda mpaka katikati ya bustani, akaona tondezi imeegemea baraza, imepakwa mafuta. Akaenda akaishika mpini, akalia. Mimi nikamtazama Rénovat, naye akanitazama. Nikasema moyoni, tumepona.

«Papa Rénovat,» Yasmine akasema, «umenirudishia baba yangu. Sitaiacha hapa. Mimi naenda nayo Bujumbura.»

Alitaka kuiweka barazani kwake, wanawe wamjue babu yao. Rénovat akasema ndiyo Mama. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikauliza mimi, kwa heshima, basi majani yatakatwa na nini. Hapo Yasmine akatazama ziwa. Akasema wapangaji walimpigia juzi, Ijumaa. Wana magari mengi. Watatandaza mawe bustani yote, wapate kuegesha. Boyeri wanaitaka kwa madereva wao. Alikuwa ameogopa kutuambia kwa simu, na akataka aione bustani mara ya mwisho. Tuna mpaka mwisho wa mwezi. Alikuwa akilia bado, na ninaamini machozi yalikuwa ya kweli, na hayakunisaidia kitu.

Ijumaa. Ijumaa mimi nilikuwa nazungusha ule mkono wa pedali, nasali.

Rénovat alikwenda ndani, akatoka na shuka letu la pili. Akaizungushia roli, akaifunga kwa kamba, akamsaidia Clovis kuipakia nyuma ya gari kabla mpaka wa Burundi haujafungwa. Akamwonyesha skrubu mbili za kukaza kisu cha chini. Akampa chupa ya uji wa mchanga na mawese uliobaki, akamweleza namna ya kupaka na kuzungusha kinyumenyume, polepole, kama anayemfundisha mtoto wake.

«Ila usiipige tupa, mwanangu,» akasema. «Panga ndiyo inapigwa tupa. Hii ni mukasi.»

Kisha akageuka akanitazama mimi, na akacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumamosi ya simu. Alicheka kweli, meno yote. Nami nikajaribu kucheka naye, sikuweza. Gari likatoka. Keza alikuwa bado amesimama pekupeku kwenye mistari. Nikaingia ndani kutafuta katoni za kufungia vyombo, nikakuta zile nguo ndogo zimeshakunjwa.