Zamu ya Maji ya Shosho Wanjira

Wiki jana, karibu na Naro Moru, niliona mtoto ameketi ndani ya mfereji wa shamba, nikageuza uso.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mama aliniketisha vivyo hivyo, juu ya gunia la udongo. "Oga hapa mpaka nikuite." Maji yalinuka matope na mnanaa. Yalijaa nyuma yangu, yakageukia kabeji zetu. Nilidhani ananipenda kuliko ndugu zangu.

Jirani yetu, bibi kizee tuliyemwita Shosho Wanjira, akapanda akiufuata mfereji, maana ilikuwa zamu yake na maji hayakumfikia. Lingekuwa gunia tu, angeling'oa, lakini aliona mtoto anaoga, akanipa pera. "Usishikwe na homa, mama," akaniambia, akaendelea kupanda, kutafuta palipoziba.

Kabeji zake zilikauka. Zetu zilipokomaa, mama alinituma nimpelekee moja, naye akatuombea baraka.