Mlango Uliogeuzwa Kuelekea Reli

Tangu wazungu wauze mashamba waende zao, mtaa ule wa Eldoret ulikuwa umedorora. Kisha mwenye duka mmoja akasikia kwamba treni ya abiria itaanza kusimama pale nyuma ya duka lake. Wiki hiyo hiyo akaziba mlango wa mbele kwa matofali, akatoboa mwingine unaotazama reli. Waceke, mwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, sasa alizunguka kwenye matope kila akitaka sukari. "Na wewe geuza mlango, Mama," mwenye duka alimwambia kila mara. Honi ikilia tu, aliacha mizani ikining'inia, akapangusa mikono yenye mafuta ya taa, akafunga kifungo cha koti na kusimama mlangoni kama bwana harusi. Treni ilipita, ikamwachia moshi. "Leo dereva ameniangalia," alisema, akarudi kupima.

Siku moja, Waceke akiwa dukani kununua sukari, ng'ombe alilala relini, treni ikasimama kweli. Abiria akachungulia dirishani. "Mzee, hapa ni wapi?"

Mwenye duka akanyoosha mkono kwenye magugu. "Hapa ndio town."

Abiria akarudisha kichwa ndani, akafunga dirisha. Waceke akainamia sukari yake kwa aibu. Lakini mwenye duka alimgeukia, uso ukimng'aa.

"Umeona, Mama? Wameanza kuulizia."