Mkono Alionivunja Mume Wangu Ndio Ushuhuda Wake

Admin, jina langu lifiche, hapa Nkuhungu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, nimeokoka. Mume wangu naye ameokoka, tena wokovu wake unajulikana mji mzima.

Miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, alipunguzwa kazini akahamia kwenye pombe ya wanzuki. Akirudi, hata kuku walikuwa wanakimbilia bandani wenyewe. Alinipiga kwa mkanda, kwa ndoo, kwa kiti. Alining'oa jino kwa ngumi kisa ugali umepoa. Siku moja natwanga, akaninyang'anya mchi, akanipiga nao mkono wa kushoto mpaka nikasikia mfupa ukivunjika, akaendelea mgongoni. Nikaanguka kando ya kinu, damu mdomoni, nikasema, "Yesu, sina mwingine, nichukue." Basi. Sikuongozwa sala, sikuwekewa mikono, lakini najua nilipokelewa palepale. Mama yangu, yuko Mpwapwa, nilimwambia nimeanguka na baiskeli. Mfupa uliunga vibaya, mpaka leo mkono umepinda.

Baadaye mume wangu akaokoka kwenye mkutano wa injili. Nisimsingizie, tangu siku ile hajanigusa, na pombe hanusi. Shida ni ushuhuda. Kila mkutano anasimulia alivyonivunja, kisha ananiita, "Mama, njoo uwaonyeshe Bwana alikonitoa." Napanda, napandisha mkono wa gauni, watu wanapiga vigelegele. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Wangu hajasahau, anakumbuka kwa furaha.

Jumapili iliyopita akanogewa. Akashika kipaza sauti kama mchi, akakiinua juu ya kichwa changu. Nikachutama, nikajikinga kwa mkono uleule uliopinda. Kanisa likacheka, likapiga makofi. Ndugu zangu, nilijikojolea pale madhabahuni, na nikashuka nimejifunga kitenge cha mwenzangu.

Nyumbani nikamwambia, "Baba, mimi basi. Sipandi tena."

Akalia, na alilia kweli. "Mke wangu, nisiposema nilivyokuwa, neema itaonekanaje?"

Akamleta mchungaji, kijana wa kumzaa. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akasema, "Asiyesamehe bado hajaokoka. Kama umesamehe, simama naye."

Nikamuuliza, "Mchungaji, mume wangu aliokoka kwa kuamini tu, na mchi mkononi. Mimi niliyepigwa mbona naongezewa masharti?"

Akasema tuombe.

Sasa mkutano wa Jumamosi ni Mpwapwa, kwetu. Mume wangu anasema nisipopanda atasimulia peke yake, kwa sababu ushuhuda haukatwi vipande. Mama yangu ameshonesha gauni jipya akae mbele amsikie mkwewe. Anampenda sana. Na mpaka leo, kwa ajili ya mkono wangu, hamruhusu mjukuu yeyote apande baiskeli.

Mume wangu nimemsamehe, Mungu anajua. Mwili ndio bado unaogopa. Nipande mama aone, au nikae chini niitwe sijaokoka? Mistari ya Biblia msinitumie, ninayo. Nishaurini kitu kimoja tu: huyu mama yangu nimwambie nini kabla hajayasikia kwenye spika?