Kocha wa Waliopitwa

Uvumilivu wangu uliisha pale kocha mkuu alipomshika mwanangu kwa wavu wa chuma unaokinga uso kwenye kofia ya mchezo na kumvuta kama mbuzi wa mnadani. Tulikuwa Shively, mji mdogo jirani na kwetu Louisville, mechi ya ugenini. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Niliona shingo yake ikipinda, na yote niliyokuwa nimeyameza tangu msimu uanze yakanipanda kooni.

Nilimpakatisha jirani yangu kitoto changu cha pili. Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa milima ya Kivu, mwanawe yuko timu moja na wangu.

"Mama, bon, ikala kwanza! Batakufukuza!"

Sikukaa. Nilishuka na buti zangu za ghalani, nikavuka mstari mweupe ambao mzazi haruhusiwi kuuvuka, nikamwambia yule bwana kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho: "Toa mkono. Huyo ni mtoto, si mkokoteni."

Akatoa. Mwanangu akainamia majani kwa aibu.

Lakini sikukaa kuandika haya ili nimseme kocha mkuu. Naandika kwa ajili ya msaidizi wake, aliyefundisha mabeki. Nikimkumbuka huyo, hata hasira yangu, ambayo ndugu zangu wote wanaijua, hupoa.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania. Mtoto huyu nilimzaa hukohuko, nikiwa bado msichana mdogo. Marekani tulifikia Buffalo kwa dada yangu, kwenye nyumba kuukuu ya mtaa wa Black Rock. Baridi ikanishinda, tukahamia Columbus; kazi ikakatika, tukaja Louisville kwenye maghala. Columbus ndiko mtoto alikoupenda mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, akawa anapenda kucheza beki wa nyuma. Mpokeaji wa timu nyingine anakimbia mbele kutafuta pasi ndefu, na kazi ya beki ni kumganda ili asiupate mpira.

Nikajidai kazi hiyo naijua. Kambini nilikuwa mlinzi wa goli kwenye netiboli, na wasichana walikuwa wakiniogopa. Basi nyuma ya fleti zetu nikamfundisha kama nilivyofundishwa: acha nafasi, mikono juu, usimguse mwenzako. Tulipofika Louisville akajiunga na timu ya mtaani kwetu, Iroquois, akayafanya hayohayo. Kila alipopitwa alisimama nyuma ya mpokeaji, mikono juu, kama mtu anayejisalimisha. Wazazi jukwaani walikuwa wakicheka, na mimi nilikuwa nikiwahesabia.

Kocha wa mabeki hakucheka. Alikuwa mzee mweusi, mwenyeji wa Louisville, dereva wa basi la shule. Alinifuata kwenye uzio.

"Mama, kijana anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ndiyo. Kuna tatizo?"

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha, mbele ya watu, na sare yangu ya kazini. Akatazama hadi mwisho. "Macho yako hayatoki kwenye mikono ya mwenzako," akasema. "Hilo abaki nalo. Ila huku kwetu, ukishapitwa, bado unaruhusiwa kuupigania mpira."

Mazoezi yake yalikuwa ya ajabu. Alimweka beki nyuma ya mpokeaji makusudi, ameshaachwa tayari, ndipo anapuliza filimbi. Siku ya kwanza nilimfokea: kwa nini unamzoeza mwanangu kushindwa?

"Kupitwa atapitwa tu," alinijibu. "Mimi namfundisha cha kufanya baada ya hapo."

Na alifundisha. Usigeuke kutafuta mpira angani, maana ukigeuka unapunguza mwendo na mtu wako anapotea. Kimbia kwanza, umfikie kiunoni. Tazama mikono yake. Ikianza kupanda, mpira umekaribia, basi pitisha mkono wako katikati ya mikono yake na uvute chini. Kabla mpira haujafika usimguse, hilo ni kosa. Hata akishaudaka, endelea kuvuta mpaka atue, maana bado haujawa wake. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya chini, akiwa amepiga goti ili alingane na watoto. Na nilipochelewa kutoka kazini, alikaa na mwanangu juu ya sanduku la barafu mpaka nifike, na hakuwahi kunikunjia uso.

Siku ile ya Shively mtoto alipitwa na kijana mrefu. Akakimbia, akamfikia, akapitisha mkono. Mpira ukachezacheza, lakini yule mrefu akaushikilia mpaka akatua nao. Pointi zikaingia. Kocha wa mabeki akapiga makofi: "Ndivyo hivyo! Umeufikia!" Kabla hajamaliza, mkubwa wake alishauweka mkono kwenye ule wavu.

Baadaye kocha mkuu alitoa masharti: mtoto hachezi tena mpaka mama aombe radhi mbele ya timu nzima. Nilimpigia dada yangu Buffalo.

"Wewe ulienda kupigana na mwanamume mwenye filimbi?" akaangua kicheko. "Omba radhi yaishe, mdogo wangu. Neno moja tu."

Mwanangu naye alilia, akanibembeleza kwa Kiingereza: mama, sema tu samahani, Jumamosi tuna mechi. Hapo nilikaribia kukubali. Ningemwomba radhi hata shetani kwa machozi yale.

Kisha kocha wa mabeki akaja, akasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Akataka kujua kama shingo ya mtoto inauma. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa karibu, niliona. Andika malalamiko. Nitatia sahihi kama shahidi."

"Watakuondoa."

"Huenda. Sasa mimi niwaambie watoto wapigane mpaka mwenzao atue, halafu mimi mwenyewe nigeuke pembeni?"

Tuliandika mezani kwangu, mtoto akitafsiri huku akijifuta kamasi. Malalamiko niliyoyapeleka ofisi ya ligi yalisema hivi: kocha mkuu alimvuta mwanangu kwa wavu wa kofia, na shahidi yupo. Siombi afukuzwe. Naomba asimshike tena mtoto yeyote namna ile. Naomba mwanangu arudishwe uwanjani bila mimi kuomba radhi kwa mtu. Na kocha wa mabeki, aliyetia sahihi hapa chini, asiondolewe kwa ajili yangu, kwa sababu kila anachokijua mwanangu katika mchezo huu amefundishwa na yeye, na mimi sina namna ya kumlipa.

Mama wa ofisini aliyasoma yote, akaniuliza kama nataka kupunguza ile sehemu ya mwisho, maana si malalamiko. Nikamwambia ayagonge muhuri kama yalivyo.