Maji Yaliyoshikwa na Barafu

Mama mkwe wangu hakuja kwetu Kemambo, huku milimani, kwa kupenda. Mume wangu, ambaye dhahabu ndiyo ilimleta huku akabaki kwa sababu yangu, alimfuata Pwani baada ya bahari kubomoa jiko lake na kuanza kulisogelea kaburi la baba mkwe. Mama alishuka kwenye gari na khanga zake mbili, anatetemeka kwa baridi, nikamvisha sweta ninalovaa nikienda kufundisha.

Asubuhi alikuwa anakaa mlangoni na kikombe cha uji, anatazama ukungu bondeni. Ukungu ukipanda mpaka kwenye migomba, anasema maji yamejaa. Jua likiufukuza, anasema yamekupwa. Aliyasema taratibu, kama mtu ambaye hajaamka vizuri, nami nikajikuta namwitikia, eti ndiyo mama, yamekupwa. Mimi, mtu wa milimani! Bahari naifundisha tu darasani, kuiona nimeiona mara moja.

Mume wangu alitaka abaki moja kwa moja. Mama alitaka kurudi kwenye kaburi. Wala hawakugombana, walinyamaziana, na kimya chao kilinichosha kuliko kelele. Sisi Wakurya tukikasirika, hata jirani anajua. Basi nikaona nimtishe mama kidogo kwa jiografia yangu.

Nikamweleza kwamba huko kwenye ncha za dunia kuna barafu kubwa kama nchi nzima, na kila kitu kizito kinavuta vilivyo karibu nacho. Hata kilima hiki nyuma ya nyumba kinavuta, ila kidogo mno. Barafu ile imeyavuta maji ya bahari, yakaizonga kama ndama wanavyomzonga mama yao. Sasa inayeyuka. Maji yake yanaingia baharini, na yale iliyokuwa imeyashika inayaachia. Kule kwenye barafu bahari inashuka, na pwani zetu za mbali inapanda. Nikamwambia hairudi nyuma leo wala kesho, bora akae na sisi.

Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo bahari haikutuchukia," alisema.

"Hapana, mama. Imeachiwa tu."

"Basi na mimi niachieni, mwanangu. Baba yenu yuko peke yake na maji yanakuja."

Nililia, sioni aibu kusema. Nilimpangia nguo zake kwa mikono yangu, sweta nikaliweka juu. Mume wangu alipouliza nani kaamua, nikamwambia ni mimi, na kama ana neno aniambie mimi. Alimsindikiza mama mpaka kwao, akamjengea jiko lingine, mbali kidogo na ufuko.

Siku hizi ukungu ukijaa bondeni tunampigia simu. Tunamwamkia, tunamuuliza maji yamefika wapi. Anacheka kwanza, anauliza na ya kwetu je, yamejaa? Kisha anatoa jibu ambalo mume wangu hulisubiri amesimama.

"Bado hayajafika kwa baba yenu."