Alipofukua Tuta Langu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa daraja la chini, na serikali ikampeleka chuoni akaongeze elimu. Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe kwa kusukumwa. Kusoma na kuandika nilikuja kukupata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukiona sentensi yangu imepinda, pinda nayo, twende.

Chuo kilikuwa mbali. Alipanda lori la nafaka lililotoka Sumbawanga, likampitia kwetu Mpui, likaenda naye mpaka Tunduma, na huko akatafute jingine. Lori lilikuwa la familia moja ya Waislamu wa mjini, watu wema, na dereva wao alikuwa na tabia ya kupiga honi kila akipita kwetu, kunitania. Ile honi niliisikia hata siku ambazo lori halikuja. Nakaa nachambua maharage, nainuka, naenda mpaka barabarani, barabara tupu.

"Rudi, mwanangu," mama mkwe ananiambia. "Hilo ni tumbo lako linalia."

Mume wangu alikuja likizo ya Juni. Juni ya kwetu wasioijua huidharau. Upepo wa uwandani unapita kwenye blanketi kama haulioni. Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa gwaride, na mashamba yetu yamebaki kule kwenye mahame, mwendo mrefu wa miguu. Asubuhi ile nikamwona amebeba jembe ananifuata. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema mwanamume huyu chuo hakijamharibu, anakuja kunisaidia.

Sasa hapa lazima nieleze. Sisi Wafipa tunalima ntumba. Mvua zikiwa bado zipo na nyasi ndefu, unazikata kwa jembe pamoja na udongo wake, unazipindua na kuzilundika, majani ndani, udongo nje, mpaka linakuwa tuta la mviringo linalokufika kiunoni. Juu unapanda maharage. Chini nyasi zinaoza polepole kiangazi chote. Mvua mpya zikianza ndipo unalibomoa, unasambaza udongo ule mweusi, unapanda ulezi. Kabla ya hapo tuta haliguswi. Hata mtoto analijua hilo. Ukilifungua mapema linapoa tumbo, ulezi unatoka wa njano.

Nilikuwa nimeinama naokota kuni. Nageuka, mume wangu amelipasua tuta langu katikati.

"Mwalimu! Umerogwa?"

"Njoo uone, njoo uone kwanza."

"Nione nini? Nione njaa?"

"Mkufunzi wa bayolojia ametuagiza kila mtu akachunguze makazi ya viumbe huko kwao. Wenzangu wa ziwani wana ziwa. Mimi nina nini? Nina tuta."

"Una tuta? Hilo tuta ni la nani?"

"La mke wangu."

"Basi ungemwomba mke wako."

Akapiga goti pale pale udongoni, akasema, "Naomba, mama." Mtu mzima, mwalimu, na suruali yake ya safari. Nikacheka. Ningefanyaje?

Tukatandika kitenge changu cha zamani, tukawa tunatoa viumbe kimoja kimoja. Nyungunyungu, funza weupe wanene, mchwa, jongoo, tandu niliyemkimbia, mdudu mdogo mwenye mgongo wa buluu unaong'aa, na ule ukungu mweupe unaotambaa kwenye nyasi kama uzi. Akaniambia niwapange kwa miguu. Wasio na miguu huku, wenye sita huku, wenye minane huku.

"Na jongoo?"

"Hesabu."

"Mwalimu, mimi nina mji wa kuangalia."

Akanieleza nani anakula nini. Huyu anakula nyasi iliyooza, yule anamla huyu, na wote wakifa ukungu unawala. Kinachobaki ulezi unakila, na ulezi unaliwa na nani?

"Na mimi," nikasema.

"Vizuri sana."

"Na mimi ninaliwa na nani?"

"Na mimi," akasema.

Nikamrushia bonge la udongo. Wallahi, hata leo nikikumbuka nasikia joto masikioni, na mimi ni bibi kizee.

Halafu akaingia kwenye somo lenyewe, namna viumbe wanavyobadilika. Akasema kila mtoto anazaliwa na kitu chake kidogo cha tofauti, na kile kinachomfaa mahali alipo ndicho anachowarithisha wanawe. Akasema wadudu wa aina moja wakitenganishwa na mlima au maji, vizazi na vizazi, kila upande unabadilika kivyake, mpaka wanakuwa aina mbili.

"Nao wakikutana tena?"

"Hawajuani. Hata kuzaa pamoja hawawezi."

Nikamwuliza inachukua muda gani.

Akanicheka. "Maelfu kwa maelfu ya miaka, mke wangu. Siyo mihula miwili mitatu!"

Na mimi nikacheka. Lakini tangu hapo nilikuwa na jambo moja tu la kumwomba Mungu, kwamba anirudishie mtu yule yule.

Jioni akamweleza na mama yake kwamba zamani za kale binadamu na nyani walikuwa na babu mmoja. Mama mkwe alikuwa hakosi misa.

"Padri anajua unayoyasema?"

"Mama, ndivyo tunavyofundishwa."

"Haya. Basi hao nyani ni ukoo wa baba yako. Kwetu Msanzi hatunao."

Likizo ikaisha, honi ikalia, akapanda. Tuta alikuwa amelifukia, na mimi nilipokwenda shamba nilikuwa nakaa kando yake kula kiporo changu. Mvua zilipokuja nikalisambaza. Watu wameniuliza sana kama ulezi ulitoka wa njano. Sikumbuki. Sikuwa naangalia ulezi.

Akarudi amefaulu, akapewa ualimu mkuu wa shule ya pale pale kijijini. Watu walisema nina bahati, wengine walipelekwa mikoa ya mbali. Ni kweli nilikuwa na bahati. Tukaingia nyumba ya bati. Hakunipiga, hakulewa, watoto wetu wote walisoma. Simsemi vibaya, marehemu. Lakini siku ya kurudi alishuka kwenye lori akanipa mkono, akaniuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili badala ya Kifipa chetu, kama ninavyoulizwa na katibu kata, na mimi nikajibu nzuri.

Siku moja nikamwuliza, "Hivi yule mdudu wa mgongo wa buluu ulimwita nani?"

"Mdudu gani?" Alikuwa anasoma gazeti.

Msimu wa kulima ntumba ulipofika nikapiga moyo konde. Nikamwambia, twende mimi na wewe, siku moja tu, hata ukikaa kuniangalia inatosha.

"Nina kikao cha chama," akasema. "Lakini usijali, sitakuacha hivi hivi."

Asubuhi wakaja wanafunzi, darasa zima, majembe begani, wanaimba. Elimu ya kujitegemea. Wakanyoosha matuta marefu kama bwana shamba anavyotaka, na kazi yangu ya wiki nzima wakaimaliza jua halijafika utosini. Nikawapikia makande, wakala, wakashukuru, watoto wenye adabu.

Jioni akanikuta jikoni.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Unaona? Kumbe ilikuwa kazi ndogo."

Nikachukua birika nikamnawisha mikono. Ilikuwa safi.